Kidole Gumba

Kwetu Punta Arenas karatasi ya namna ile
huitwa kombora la majini:
nyembamba, hupita chini kwa chini
mpaka ilipuke.
Yangu ilikuwa ndani ya kalamu,
imeviringwa mahali pa wino,
vita saba, mikataba minne, na tarehe zake,
kwa mwandiko wa sisimizi.

Bi Oyarzo hakupaza sauti.
Alisimama kando ya dawati, akaiomba kalamu
kana kwamba anataka kutia sahihi tu.
Akaifungua. Ikamtemea karatasi kiganjani.
Nje upepo ulikuwa unapiga mabati,
upepo wetu ule, ambao kwa ajili yake
kamba hufungwa kwenye kona za barabara
ili watu wajishike.
Darasani hamna kamba.

"Ni mara ya kwanza," nikasema.
Uongo ulitoka laini, umeshavaa viatu.
"Naamini," akasema.
Heri angenizaba kofi.
Neno lile nililibeba hadi nyumbani
kama mtu aliyezidishiwa chenji dukani
naye akanyamaza.

Sasa lazima niseme habari ya duka.
Baba yangu, Ovidio Mansilla, anauza nyama:
kondoo, kondoo, na siku za sikukuu, kondoo.
Mtaa mzima humsifia kitu kimoja.
Akishaweka nyama kwenye mizani
huinua mikono yote miwili, hivi,
kama mtu aliyeelekezewa bunduki,
mteja aone hakuna kidole gumba kinachosaidia.
Juu ya mizani ile, kwenye fremu,
cheti changu: Historia, nafasi ya kwanza, mwaka jana.
Wanaosubiri zamu hulisoma jina langu kwa sauti, Yasna,
na baba hujifanya hasikii,
ila kisu huenda taratibu zaidi.

Cheti kile nacho kilitoka ndani ya kalamu.

Usiku huo sikulala. Sitaki kudanganya tena
niseme ilikuwa dhamiri.
Ilikuwa hofu, hofu yenye hesabu zake:
nani aliona, nani atasema,
Nahuel wa dawati la nyuma alicheka nini.
Dhamiri ilifika saa kumi alfajiri,
imechelewa kama fundi bomba,
ikauliza swali moja:
wa pili mwaka jana alikuwa nani?

Nilimjua. Millaray Huenchur.
Siku ya zawadi alinipa mkono.
Kiganja chake kilikuwa na mipasuko ya baridi.

Saa mbili na nusu asubuhi, Juni, kungali giza,
nikasimama mbele ya meza ya Bi Oyarzo.
"Si mara ya kwanza. Ni ya nne.
Na cheti si changu."
Walioniambia kukiri ni kutua mzigo walinidanganya.
Ni kuubeba hadharani, uulizwe na uzito wake.
Alichukua kalamu, yake, akaandika yote,
siku, somo, maswali mangapi.
Nilipokosea mwezi alinisahihisha:
"Ule ulikuwa wa Agosti."
Ina maana alijua? Sikuthubutu kuuliza.
Mkono wake ulitetemeka kuliko wangu.

Jioni baba alinisikiliza na aproni yake,
damu ya mchana imeshakauka.
Hakusema neno. Akapanda kistuli, akashusha fremu.
Ukutani pakabaki mraba mweupe,
safi kuliko duka zima.

Akaingia Bi Eduvigis, kilo moja ya mbavu,
akautazama mraba, akanitazama.
"Cheti kimekwenda wapi?"
Baba akageuka kutafuta kitambaa
kilichokuwa begani mwake.
Aliniachia mimi.

"Niliibia mtihani," nikasema. "Kinarudi kwa mwenyewe."

Upepo ukatikisa mlango.
Baba akasogea kando.
"Pima," akaniambia.
Nikaweka mbavu, sindano ikacheza, ikacheza,
nami sikujua
mikono niiweke wapi.